Maswali ya Wasomaji: Kumkumbatia Mickey Bila Kuota Mizizi Kwenye Foleni

Katika toleo lililopita tuligusia safari ya familia kwenye bustani za burudani za Walt Disney World, jimboni Florida, Marekani, na tangu hapo barua zimemiminika. Nilitarajia kuulizwa habari za michezo ya treni za kasi, lakini karibu wote mmeuliza jambo moja. Mtoto anataka kumkumbatia Mickey, kupiga picha na Cinderella na kupata sahihi ya Goofy, yaani wahusika wa filamu za Disney wanaoigizwa na watu waliovaa kama wao, na mzazi anataka hayo yote yafanyike bila siku nzima kuishia katikati ya kamba za foleni. Nimezijibu barua zilizogusa hoja ambazo wengine pia mmezileta, na zilizofanana nimeziunganisha.

*

*Tutakuwa na siku moja tu ndani ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Walt Disney World, pamoja na mapacha wetu wa miaka mitano. Mume wangu ameshikilia kwamba lango likifunguliwa tu, twende moja kwa moja kwa Mickey kabla foleni haijajaa. Dada yangu, ambaye amekwishafika huko, anasema kufanya hivyo ni kuichoma saa bora ya siku. Nimsikilize nani?*
*Mama Pacha*

Msikilize dada yako, ingawa mumeo naye hajakosea kabisa. Foleni za bustani hazikui kwa namna moja. Mchezo wa kupanda kama Peter Pan's Flight, ambao hauna sharti la kimo na unapendwa sana na watoto wa umri wa mapacha wako, huwa na foleni fupi bustani inapofunguliwa, kisha foleni hiyo hupanda na kukaa huko juu karibu siku nzima. Foleni ya Mickey katika Town Square Theater, jengo lililo upande wa kulia mara tu unapoingia, nayo huongezeka, lakini haina mwinuko mkali kiasi hicho. Kwa hiyo dakika chache utakazoziokoa kwa Mickey asubuhi utazilipa kwa riba kwa Peter Pan mchana, na hiyo ndiyo hesabu ambayo mumeo hajaifanya.

Ningekuwa mimi, saa ya kwanza ningeipa michezo miwili au mitatu ya kupanda. Ikiwa mtalala katika hoteli ya Disney yenyewe, mnaruhusiwa kuingia dakika 30 kabla ya wageni wengine, na dakika hizo pia msizitumie kwa wahusika. Jua likianza kuchoma, hapo ndipo ingieni kwa Mickey, kwa sababu yeye hupokea wageni ndani ya jengo lenye kiyoyozi, na kusubiri kwenye ubaridi na mtoto aliyekwisha kucheza ni jambo jingine kabisa na kusubiri na mtoto ambaye hajagusa kitu. Wakati wa gwaride la mchana ni mzuri zaidi, maana maelfu ya watu hujipanga kandokando ya njia na foleni za ndani hupungua. Ila ingieni kabla gwaride halijaanza kupita mbele ya jengo, la sivyo mtakwama upande wa pili wa barabara mkiutazama mlango msioweza kuufikia.

Msiache pia kupita kwenye hema la Pete's Silly Sideshow, lililofunguliwa mwaka 2012 katika eneo la Storybook Circus. Humo mna foleni mbili, moja ya Minnie na Daisy, nyingine ya Donald na Goofy, na kila foleni inakufikisha kwa wahusika wawili mfululizo. Kwa familia yenye siku moja, sijui mahali pengine ndani ya bustani hiyo ambapo kusimama mara moja kunalipa vizuri hivyo. Kwa mabinti wa kifalme kuna Princess Fairytale Hall, iliyofunguliwa mwaka 2013 nyuma ya ngome ya Cinderella. Hapo pia foleni hugawanyika, huyu upande huu na yule upande ule, kwa hiyo waulizeni mapacha wanamtaka nani usiku wa kuamkia siku hiyo, si mlangoni wakati kila mmoja anavuta upande wake.

Kuhusu njia ya haraka ya kulipia, iitwayo Lightning Lane Multi Pass tangu mwaka 2024, baadhi ya vyumba vya wahusika vimekuwa vikijumuishwa humo. Mimi nisingeianza kwa wahusika. Chagueni kwanza michezo yenye foleni ngumu, kisha nafasi zitakazobaki baadaye ndizo mzitumie kwa Mickey.

*

*Tulisimama karibu dakika arobaini nje, kwenye bustani moja ambayo sitaitaja, tukimsubiri mhusika ambaye binti yangu alikuwa amevaa gauni kama lake. Zilikuwa zimebaki familia mbili mbele yetu, msindikizaji wake, yule mfanyakazi anayesimamia foleni, akaja akasema mhusika anaondoka. Binti alilia mpaka hotelini. Je, huu si uonevu?*
*Baba Aliyeudhika*

Pole sana, ndugu yangu. Ningesema ni uonevu kama hamkuambiwa mapema kwamba mstari umefungwa, kwa sababu msindikizaji mzuri humtambua mtu wa mwisho wa zamu na kumweka alama kwa kusimama nyuma yake, akiwaeleza wanaofika baadaye kwamba hawatafikiwa. Lakini kuondoka kwenyewe si uonevu. Wahusika hufanya kazi kwa zamu fupi. Vazi la manyoya lenye kichwa kizima ni zito na lina joto, na aliye ndani yake anahitaji kunywa maji na kupumua. Hata mhusika ambaye uso wake uko wazi, kama Belle au Mulan, hawezi kutabasamu juani saa nzima bila kupumzika.

Ukishaelewa habari ya zamu, foleni ya mhusika inakuwa kitu kinachohesabika. Usihesabu vichwa, hesabu familia, kwa maana watu tisa waliokuja pamoja wanapiga picha moja na kuondoka, ilhali watu tisa waliokuja mmoja mmoja ni mikutano tisa. Tuseme kila familia inachukua dakika moja na nusu, na mhusika atakaa nusu saa: hapo wanaofikiwa ni familia ishirini. Ukifika zamu inapoanza ukakuta familia kumi na mbili, simama bila wasiwasi. Ukikuta ishirini na tano, nenda kanywe maji, kisha rudi robo saa kabla ya zamu inayofuata uwe miongoni mwa wa mwanzo. Na kabla hujaingia kwenye mstari wowote wa nje, muulize msindikizaji maswali mawili tu: mstari bado uko wazi, na akiondoka atarudi saa ngapi? Hujibu kwa uungwana, kwani hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Saa za zamu huonyeshwa kwenye programu ya simu ya bustani, My Disney Experience, pamoja na mahali mhusika atakapokuwa. Hapa niwaonye kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka fulani nilinakili saa hizo kwenye daftari nikiwa na usingizi, na penye 4:00 ya alasiri nikaandika “saa 4”. Kesho yake asubuhi, saa nne kamili, niliwasimamisha watu sita, mmoja wao akiwa na miaka sabini, mbele ya kibanda kitupu, nikiwahakikishia kwamba mhusika atatokea sasa hivi. Mfagiaji mmoja alitupita mara tatu, na mara ya tatu ndipo akatuuliza tunasubiri nini. Andikeni saa kumi, au nakilini kama ilivyo na neno “alasiri” kando yake, lakini msichanganye.

Jambo moja zaidi kuhusu wahusika wa nje: mvua na radi. Majira ya joto huko Florida, mawingu hujikusanya mara nyingi baada ya adhuhuri, na radi ikianza wahusika wote wa nje huondolewa. Kwa hiyo wa nje waoneni asubuhi, wa ndani wawekeni mchana.

*

*Binti zangu wawili wana orodha ya mabinti wa kifalme watano, na nimesikia wote wako EPCOT, bustani nyingine ya Walt Disney World. Nimeangalia ramani nikachanganyikiwa. Nianzie wapi?*
*Msafiri wa Mara ya Kwanza*

Anza kwa kuikubali ramani. Sehemu ya EPCOT iitwayo World Showcase ni mzunguko wa nchi kumi na moja kuzunguka ziwa, na kuuzunguka wote ni karibu kilomita mbili. Anayekimbilia mhusika huyu upande wa mashariki, kisha yule upande wa magharibi, halafu akarudi tena mashariki, atakuwa ametembea kilomita kadhaa kabla ya chakula cha mchana akiwa na watoto wawili wanaouliza kama tumefika. Kwa hiyo msifuate orodha ya binti zako, fuateni duara.

Ukiingia na kushika mkono wa kushoto, utapita Meksiko, kisha Norwei, ambako Anna na Elsa hukutana na wageni ndani ya Royal Sommerhus, nyumba iliyofunguliwa mwaka 2016. Hawa wako ndani na hufikiwa kwa muda mrefu wa siku, hivyo si lazima uwawahi, na ukikuta foleni imejaa unaweza kuwarudia jioni. Baada ya Norwei ni Uchina, mahali pa Mulan, halafu Ujerumani, ambako Snow White husimama karibu na kisima. Kisha utapita Italia, Marekani na Japani, ufike Moroko kwa Jasmine, na Ufaransa, ambako Belle na Aurora wamezoea kuonekana. Uingereza, kabla ya kumalizia na Kanada, ndiko kwa Mary Poppins na Alice, ikiwa binti zako wana nafasi kwenye daftari la sahihi.

Hawa wote, ukiwaondoa Anna na Elsa, hutokea kwa zamu. Kaa usiku uliotangulia na programu ya simu, tazama zamu za kila mmoja, kisha uzipange kwa mwendo wa duara, ukiacha angalau nusu saa kati ya zamu moja na inayofuata. Ikiwa mmoja hafai kwenye mwendo huo, mwache. Najua ni rahisi kwangu kusema kuliko kwako kumwambia mtoto, lakini mabinti wanne waliopatikana bila machozi wanashinda watano waliokimbiliwa. Na mchague mmoja ambaye hamtamkosa kwa hali yoyote. Huyo mfikieni robo saa mapema, wengine wachukueni kadiri watakavyopatikana.

*

*Je, chakula pamoja na wahusika kinaokoa muda kweli, au ni njia ya kutuuzia mayai kwa bei ya ng'ombe?*
*Mwenye Mashaka*

Bei kweli si ndogo, na kama mwanao anamtaka Mickey peke yake, usitumie fedha hizo, nenda Town Square Theater ukasimame kama wengine. Hesabu hubadilika ukiwataka wahusika wanne au watano. Katika mkahawa wa Chef Mickey's, ndani ya hoteli ya Contemporary, Mickey na wenzake huzunguka meza kwa meza, na kile ambacho ungekipata kwa kusimama kwenye foleni nne unakipata umekaa na uma mkononi. Kwa familia yenye mtoto mchanga au mzee, kukaa huko pekee kunatosha kuwa sababu.

Uzuri wa Chef Mickey's ni kwamba haumo ndani ya bustani, hivyo huhitaji tiketi ya kuingilia. Wengi huuweka siku ambayo wana tiketi ya bustani, wakapoteza nusu ya asubuhi waliyoilipia. Uweke siku ya kufika au siku ya mapumziko. Ikiwa ni lazima ule ndani ya bustani, kwa mfano The Garden Grill kule EPCOT, ambako ukumbi wenyewe huzunguka polepole huku mkila, chagua meza ya mwisho ya kifungua kinywa au ile ya mchana, usile saa ambayo michezo bado haina watu.

Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na wageni wa hoteli za Disney wanaweza siku hiyo hiyo kuweka nafasi za hadi siku kumi za makazi yao, kwa hiyo wao hutangulia. Usiwe na haraka ya kukata tamaa ukikuta pamejaa. Watu hubadili mipango na nafasi hurudi, hasa siku ikikaribia, kwa sababu asiyeghairi kwa wakati hutozwa.

Mkiwa mezani, msiinuke wote pamoja kwenda kuchukua chakula pale panapojihudumiwa. Nimewahi kuona familia nzima ikirudi na sahani zilizojaa huku Goofy akiwa amekwisha kuwapungia mkono viti vitupu na kuhamia meza ya pili. Mwulizeni mhudumu ni nani anayefuata, na mmoja wenu abaki na watoto.

*

*Shikamoo. Hapana, nadhani ni mimi ninayepaswa kuamkiwa, maana nina wajukuu wanne na miguu miwili iliyochoka. Nimenunua vitabu vya sahihi. Kuna kingine cha kubeba?*
*Babu wa Wanne*

Shikamoo, babu. Beba kalamu nene. Mickey na wenzake wamevaa glavu kubwa zenye vidole vinne, na kalamu nyembamba huwaponyoka. Utamwona anaizungusha, inaanguka, msindikizaji anainama kuiokota, na muda wa wajukuu wako unayoyoma. Kitabu nacho kifunguliwe ukurasa mweupe kabla hamjafika mbele, na kifuniko cha kalamu kiwe kimekwisha kuondolewa. Simu ikiwa tayari mpeni mpigapicha wa bustani, ambaye hukubali kupiga kwa simu ya mgeni pia, ili nawe uonekane kwenye picha. Wajukuu wanne wanaweza kusainiwa pamoja kwa zamu moja, lakini mkipendelea sahihi nne kwenye kitabu kimoja kikubwa badala ya vitabu vinne, walio nyuma yenu watawaombea heri.

*

*Mwanangu ana usonji. Hawezi kukaa katikati ya watu waliobanana, na pia anaogopa vinyago vyenye vichwa vikubwa, ingawa nyumbani anampenda Pluto kupita kiasi. Nisubiri akue?*
*Mama Mwenye Subira*

Usisubiri, mama, ila yatenganishe mambo haya mawili, foleni na hofu.

Kuhusu foleni, Disney ina utaratibu uitwao Disability Access Service, uliokusudiwa wageni wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji ambao hawawezi kuvumilia foleni ya kawaida kwa muda mrefu. Maombi hufanywa kwa mazungumzo ya video, na ni bora uyafanye kabla ya safari kuliko asubuhi ya kwanza mkiwa mmechoka. Ukikubaliwa, unapewa saa ya kurudi, na muda ule wa kusubiri mnautumia mahali penye utulivu. Kwa kuwa utaratibu huo hauhusu kila mhusika, uliza unapoomba ni mikutano ipi inayohusika.

Kuhusu hofu, wenye manyoya hawasemi, na ukimya wao ndio unaowatisha watoto wengi kuliko ukubwa wao. Waliofunikwa kichwa wasiwe wa kwanza. Anza na mhusika mwenye uso wazi, ambaye atapiga goti, atazungumza kwa sauti ya chini na kumjibu mtoto. Kisha msimame mbali, mahali ambapo Pluto anaonekana akiwapokea wengine, mwanao amwone anavyokumbatia na kuaga. Ikiwezekana fanyeni hivyo kwenye foleni fupi ya asubuhi, ili akikataa mkifika mbele uweze kuondoka bila kuhisi kwamba umetupa saa nzima. Mwambie msindikizaji kimya kimya kwamba anaogopa. Wahusika hupewa ishara na hujua kurudi nyuma, wakapunga mkono au kukaa chini wakimsubiri yeye asogee. Akiishia kupunga mkono kutoka mita tatu, piga picha hiyo hiyo.

*

*Mimi na mke wangu hatuna watoto, lakini tunapenda wahusika wasioonekana kila siku. Tunakwenda Oktoba. Je, tiketi ya sherehe ya usiku inafaa? Na je, tukibaki mpaka dakika ya mwisho tutawakuta wengi bila foleni?*
*Wawili Wasio na Haraka*

Inafaa, mradi muende kwa sababu hiyo hiyo. Mickey's Not-So-Scary Halloween Party ina tiketi yake mbali na ile ya mchana, huanza saa moja jioni hadi saa sita usiku, na wenye tiketi hiyo wamezoea kuruhusiwa kuingia Magic Kingdom tangu saa kumi alasiri. Saa hizo tatu za mwanzo ndizo zenu. Wahusika adimu kama Jack Skellington na Sally, au vijeba saba wa Snow White wakiwa pamoja, huvuta foleni ndefu kuliko wote, na wajuzi hujipanga kabla sherehe haijaanza rasmi. Chagueni kundi moja tu la aina hiyo, mjipange mapema. Mkitaka yote mawili, sherehe itawaishia mkiwa mmesimama, wala hamtaliona gwaride. Wengine waoneni gwaride la kwanza na fataki zinapoendelea, wakati umati umeelekea kwenye ngome.

Swali lenu la pili lina mtego. Kwa michezo ya kupanda, aliyeingia kwenye mstari kabla ya saa ya kufunga kwa kawaida hupandishwa, hata kama zamu yake itafika baadaye. Kwa wahusika hakuna uhakika huo. Msindikizaji huufunga mstari mapema, kulingana na familia zilizopo na muda uliobaki, na akishaufunga hata dakika kumi kabla ya saa sita mtaambiwa usiku mwema. Saa ya mwisho ni nzuri kweli, nami huipenda, lakini ihesabuni kuwa inakwisha nusu saa kabla ya ile iliyoandikwa kwenye tiketi.